Thamani ya redio na runinga ya umma

Shirika la utangazaji la umma ni lile linalogharimiwa na wananchi kupitia kodi au ada, badala ya kutegemea matangazo ya biashara pekee. Nchini Kenya jukumu hilo ni la KBC, iliyoanzishwa mwaka wa 1961, ikageuzwa Sauti ya Kenya (VoK) mwaka wa 1964 na kurejeshewa jina lake mwaka wa 1989.

Faida yake huonekana zaidi kule ambako mfanyabiashara hana haja ya kufika. Vituo vya kibinafsi hufuata maeneo yenye wanunuzi wengi. Mfugaji wa Kirendille si mteja wa kugombaniwa. Hata hivyo, KBC imetangaza kwa Kirendille, Kiborana, Kiburji, Kisomali na Kiturkana, hivi kwamba habari za ukame au chanjo humfikia kwa lugha aliyozaliwa nayo.

Tatizo ni kuwa anayeshika mfuko hutaka kushika pia kipaza sauti. Kisheria, mwenyekiti wa bodi ya KBC huteuliwa na Rais. Mnamo Desemba 30, 2007, matokeo ya urais yaliyozua utata yalitangazwa kupitia KBC pekee, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja.