Kabla uguse huo mfereji, uliza valvu iko wapi

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Desemba iliyopita nilikuwa Matete kwa Kukhu, na mfereji wa jikoni ulikuwa unadondoka. Tone, tone, tone, usiku kucha. Mimi ni mtu wa simu, kwa hivyo asubuhi nikatafuta video, nikaitazama dakika nne, nikachukua spana ya marehemu babu. Yule jamaa wa video alifungua mfereji wake kama anayefungua soda. Nilipofungua wangu, maji yakanipiga kifuani kama mtu anayenidai.

Nikatafuta pa kufungia. Chini ya sinki hakuna valvu. Ukutani hakuna. Kumbe nyumba nzima ilikuwa na valvu moja tu, juu ya mnara wa tangi, na ilikuwa imeshika kutu miaka mingi, haizunguki hata kwa matusi. Tukajaribu kuziba na kitambaa, tukajaribu na gunzi la mahindi. Ndani ya saa moja maji yote ya mvua yaliyokuwa kwa tangi yalikuwa yameteremka shambani. Januari Matete haina mvua ya kuchezea, nyinyi mnajua.

Adhabu yangu ilikuwa mitungi ya lita 20, chemchemi na kurudi, wiki nzima. Kukhu alikuwa anakaa kwa veranda ananihesabu. "Sisi tulikuwa tunaendea maji," akaniambia. "Nyinyi mnataka yawajie, na hamjui yanapitia wapi."

Hiyo sentensi ilinikaa, ndiyo nikaanza kuchimba historia ya hii kitu. Swali langu lilikuwa moja: mbona yule wa video hakuogopa?

Jibu liko nyuma ya ukuta wake. Yeye akikosea, kuna mita nje, kuna valvu ya kufunga kando ya barabara, kuna kampuni, na kesho maji yatakuwepo tena. Nyuma ya ukuta wake kuna jiji zima, na huo mji wa mabomba haukujengwa kwa siku moja wala kwa hiari.

Chukua London. Alexander Cumming alipata hataza ya choo cha kuflashi mwaka wa 1775, na kitu cha maana alichofanya ni kulipinda bomba chini ya bakuli ili maji kidogo yabaki hapo na kuzuia hewa chafu isirudi ndani. Angalia chini ya sinki lako. Lile bomba lililopinda halijapindwa kwa urembo. Basi matajiri wakavipenda hivyo vyoo, wakaviweka majumbani, wakaflashi. Lakini uchafu ulikuwa unaenda wapi? Kwa mashimo yaliyofurika, kwa mitaro, halafu mto Thames, mto huohuo ambao watu walikuwa wanakunywa. Mwaka wa 1854 daktari John Snow alifuatilia vifo vya kipindupindu hadi kwa pampu moja ya maji pale Broad Street, mtaa wa Soho, na mpini wa pampu ukaondolewa. Kiangazi cha 1858 mto ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa bungeni, na hapo ndipo pesa za mabomba makubwa ya Joseph Bazalgette zilipatikana. Yaani choo kilitangulia na mfumo ukafuata miaka zaidi ya 80 baadaye, na katikati hapo watu walikufa. Hiyo gepu mkumbuke, nitairudia.

Kabla hatujaendelea, nimalize ugomvi mmoja. Kukhu anaamini choo ndani ya nyumba ni ujinga wa wazungu. Nikamwambia aende Gedi. Ule mji wa Waswahili karibu na Malindi, ulioachwa karibu karne ya 17, una nyumba za mawe zenye vyoo na mahali pa kuogea ndani, na visima kila upande. James Kirkman aliufukua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Na Zanzibar, baada ya kipindupindu kikali cha 1869 na 1870, Sultani Barghash, aliyetawala hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe kwa mfereji aliojenga. Hata neno bomba tulilichukua kwa Wareno, hatukungoja Mwingereza. Kukhu akasikiliza yote, akasema hao walikuwa watu wa pwani, hawakuwa na baba mkwe karibu.

Na hapo ana pointi, msicheke. Kwetu, mkaza mwana hatumii choo kimoja na baba mkwe wake. Ni heshima, na bado inashikwa. Sasa fundi kutoka mjini anakuja na ramani ya choo kimoja katikati ya nyumba, anajenga vizuri, anaondoka, na nusu ya familia inaendelea kwenda kwa choo cha shimo nyuma ya migomba. Mwenye nyumba anabaki na stoo ya bei ghali yenye vigae.

Turudi kwa maji. Nairobi yenyewe jina lake linatoka kwa Kimaasai, maji baridi, na reli ilipopiga kambi hapo 1899 maji yalikuwa sababu mojawapo. Mabomba yakaja: chemchemi za Kikuyu, baadaye bwawa la Ruiru, Sasumua, hadi Ndakaini mwaka wa 1994. Wazungu walipata mifereji ndani ya nyumba huku mitaa ya Waafrika kama Pumwani ikipanga foleni kwa mfereji na choo cha pamoja. Baada ya uhuru serikali iliahidi kubadilisha hiyo. Mpango mkuu wa maji wa 1974 ulisema kufikia mwaka wa 2000 kila Mkenya awe na maji safi karibu na kwake. Mimi nilizaliwa baada ya huo mwaka, na mtungi nimebeba.

Kilichofika kwetu Magharibi kilikuwa kidogo zaidi, na naheshimu watu waliokileta. Miaka ya 1980, mradi wa Kenya na Finland ulichimba visima vyenye pampu za mkono na kukinga chemchemi sehemu nyingi za mkoa. Kukinga chemchemi ni kazi ya fundi kabisa: unajenga ukuta wa zege pale maji yanapotokea, unafunika nyuma kwa mawe na udongo, na maji yanatoka kwa bomba badala ya dimbwi ambalo ng'ombe pia wanakunywa. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Busia, ukachapishwa 2011, ulioonyesha kwamba hiyo kazi inapunguza uchafu wa kinyesi kwa maji pale kwa chemchemi kwa 66%, na kuhara kwa watoto kukashuka kwa robo. Lakini maji yakifika nyumbani faida inapungua sana, kwa sababu ya mtungi, kikombe na mikono. Bomba linafika mwisho wake na sisi ndio tunaendelea kutoka hapo.

Sasa Matete ya leo: mtu anajenga nyumba nzuri, anaweka tangi la mvua, pampu ndogo, mnara, sinki, shawa, choo cha kuflashi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema maji safi ni haki yangu, sawa, lakini bomba la kaunti halijafika kwa boma letu. Kwa hivyo kila boma limekuwa kampuni yake ya maji. Wewe ndiwe meneja, ndiwe mita, na ukikosea hakuna wa kupigia simu. Ile gepu ya London, choo kabla ya mfumo, tuko ndani yake saa hii.

Fundi aliyekuja kututoa kwa shida hakunicheka, alinionyesha. Mfereji wenyewe ulihitaji washa ya mpira tu, kitu cha pesa kidogo sana dukani. Hiyo ungeweza kufanya wewe, aliniambia, kama ungefunga maji kwanza. Akaweka valvu mpya kwa tangi, moja chini ya sinki, moja nyuma ya choo. Akanifundisha kuzungusha ile tepu nyeupe ya uzi kufuata upande unaokazia, mizunguko kadhaa, kwa sababu ukienda kinyume inajikunja unapokaza na maji yanapata njia. Floti ya tangi la choo ikikwama, inarekebishika kwa mkono. Sinki likiziba, fungua lile bomba lililopinda, weka ndoo chini, toa mchele na nywele, rudisha. Hizo zote fanya mwenyewe, kwa nini ulipe.

Kuna mahali aliniambia nisiguse. Mabomba ya PPR, yale ya kijani au meupe yanayounganishwa kwa joto la karibu digrii 260, yanataka mashine yake na mkono uliozoea. Ukipitisha moto kidogo yanavuja ndani ya ukuta na hutajua hadi rangi ivimbe. Shawa ya umeme ndiyo usithubutu kabisa. Kama haina waya wa ardhi, unaoga na kifo. Hapo unahitaji fundi wa mabomba na fundi wa umeme, na msiwe mnatafuta anayefanya zote mbili kwa bei ya mmoja.

Halafu kuna shimo la maji taka, ambalo nilidhani ni kuchimba tu. Fundi alinitembeza hadi ukingo wa shamba. Chini yake, mteremko wa kama dakika tano, ndiyo ile chemchemi niliyokuwa nachota. Jirani wa juu alikuwa ameanza kuchimba shimo lake la choo kipya cha kuflashi upande huohuo. Watu wa afya husema angalau mita 30 kati ya shimo na chanzo cha maji, na shimo lisikae juu ya maji kwa mteremko. Fundi alienda kuongea naye. Mimi singejua hata kuuliza.

Baadaye nikasikia Kukhu akibishana naye bei, ile ya "si umefanya masaa mawili tu?" Nikaona haya. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya, wachumi wamekuwa wakiwaandika hawa watu kama sekta isiyo rasmi. Sisi tunawaita jua kali. Wengi wamejifunza kwa kubebea mwingine sanduku la vyuma, na wachache wanapata pesa ya kwenda kufanya mtihani wa ufundi wa serikali. Ukimlipa fundi pesa ya chakula cha mchana, atakuwekea valvu moja kwa nyumba nzima. Sisi tulikuwa na hiyo nyumba.

Tulimlipa alichotaka. Kukhu alinung'unika hadi jioni, halafu akaniita jikoni, akainama, akafunga valvu ya chini ya sinki, akafungua mfereji. Hakuna kitu. Akafungua valvu, maji yakaja. Akarudia mara tatu hivi, kimya, kisha akanituma nimletee rangi nyekundu aichore ionekane hata na mgeni.