Kigoma ilipopigwa mabomu kutoka angani

Tarehe 10 Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndege ya Wabelgiji ilivuka Ziwa Tanganyika ikitokea Kongo, ikaangusha mabomu kwenye bandari ya Kigoma. Rubani aliitwa Aimé Behaeghe. Mwenzake aliyekaa kuangalia shabaha, Collignon. Mashambulizi yakaendelea hadi Julai. Sisi wa Busunzu tunaposhuka Kigoma mjini, wageni wanatuuliza habari za Livingstone na Stanley pale Ujiji, nasi tunawajibu vizuri tu. Habari za mabomu haulizi mtu.

Walichokuwa wakikitafuta ni meli moja. Wadachi, yaani Wajerumani, waliiunda Graf von Götzen mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, Papenburg, wakaifungua vipande vipande na kuisafirisha katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakafika Dar es Salaam, na reli ya kati ilikuwa imeshafika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Ilipounganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915, hapakuwa na chombo cha kushindana nayo katika ziwa zima. Tena ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka manowari ya Königsberg, ile iliyomalizwa na Waingereza katika delta ya Rufiji.

Wabelgiji wakaomba ndege kwa Waingereza, wakapewa nne za aina ya Short 827. Zilikuwa ndege za maji, za mbao na kitambaa, mabawa juu na chini, chini yake maboya badala ya magurudumu, na watu wawili ndani. Upana wake bawa hadi bawa ni mita 16 na ushee, na mwendo wake haukuzidi sana kilometa 100 kwa saa, yaani basi la Kasulu kwenye lami lingezifukuza. Safari yake ya kuja ndiyo inayonishangaza zaidi kuliko vita yenyewe. Meli hadi Matadi, treni hadi Léopoldville, mashua kuupanda mto Kongo hadi Stanleyville, kisha reli, mto, reli, mto, na reli tena kutoka Kabalo hadi ziwani. Kila mahali ni kupakia na kupakua. Wabelgiji hawakuziweka kwenye ziwa kuu, maana mawimbi yangezivunja. Walizificha Tungwe, kijiziwa kilichotulia jirani na ziwa kubwa upande wa Kongo.

Mabomu hayakuizamisha Götzen. Walioizamisha ni Wadachi wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, walipoona adui anakuja kwa nchi kavu na reli inakaribia kukatwa. Mafundi watatu waliotoka nayo Papenburg walizipaka injini girisi nene kabla ya kuilaza chini karibu na mdomo wa Malagarasi, mto huu huu unaopita kwetu Kibondo na Kasulu. Walijua wanachofanya. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Siku mbili baada ya kuzamishwa kwake, Wabelgiji waliingia Kigoma, wakakaa hadi 1921. Behaeghe hakuuona mwaka mpya: aliugua akafia Niemba, Kongo, Desemba 1916.

Sasa, mtu akitaka kuziona ndege za vita ile aende wapi? Jibu la kwanza ni Brussels, kwenye Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi. Chimbuko lake ni maonyesho ya kimataifa ya mwaka 1910, na mtu aliyeyahangaikia ni afisa Louis Leconte, ambaye baada ya vita alikusanya zana zilizoachwa na Wajerumani. Mwaka 1923 yalihamia Cinquantenaire, kwenye majengo ya fahari yanayozunguka tao lililokamilishwa mwaka 1905 na Leopold wa Pili, mfalme yule aliyeigeuza Kongo kuwa mali yake binafsi. Ukumbi wa ndege ulifunguliwa mwaka 1972. Humo mna Sopwith Camel, SPAD XIII, Hanriot, RE8 ya Waingereza, Halberstadt ya Wajerumani, hata ndege ya maji ya FBA. Ni hazina kweli. Lakini Short 827 iliyopiga Kigoma haimo.

Nduguye wa karibu yuko Yeovilton, Uingereza, katika makumbusho ya ndege za jeshi la majini. Ni Short 184 iliyoruka kwenye vita vya majini vya Jutland tarehe 31 Mei 1916, siku kumi kabla ya Kigoma. Nayo imebaki kipande cha mbele tu, kwa kuwa ilipokuwa London ilipigwa na bomu la Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa.

Kuna jambo ambalo kumbi hizi hazilisemi kwa sauti. Ndege na mizinga huonyeshwa vikiwa vimesuguliwa, na majina ya marubani yamo kwenye vibao. Wapagazi ambao Wabelgiji waliwatumia katika vita hii walifikia kiasi cha 260,000, maelfu kati yao hawakurudi makwao, wala makasha hayakujibeba yenyewe kwenye njia ambazo treni na mashua hazikufika. Makumbusho yatakayowekwa huku kwetu hayana sababu ya kurudia kosa hilo la kuwasahau.

Wala hatuhitaji kununua ndege. Kifaa kikubwa kuliko vyote, meli iliyolengwa, ni yetu. Makumbusho ya Ujiji yapo na wageni wanafika. Nawaomba wanaoyasimamia watenge kona moja: ramani ya njia kutoka Matadi hadi Tungwe, picha ya Short 827, maelezo ya Götzen na ya wapagazi, kwa Kiswahili kwanza. Na walimu wa Kibondo na Kasulu wanaopeleka watoto Ujiji kumtazama Livingstone, wawapitishe na bandarini.