Kiwanja ni cha nani?

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu mulio mbali,

Munakumbuka mkutano uliopita ulivyochemka. Wamama walisema pesa ya mchango iende kwanza kwa mbegu na mabati. Vijana wakauliza: na kiwanja je? Mzee wetu mumoja akacheka, akasema, "Mupira haiko chakula." Niliomba ruhusa niandike kidogo juu ya jambo hili, maana viwanja katika inchi yetu vimeona mengi kuliko mabao.

Tuanze kule Kinshasa, zamani Léopoldville. Mwaka 1952 ulifunguliwa uwanja mukubwa, kazi ya padri Mbelgiji Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël. Ukapewa jina la mufalme Baudouin. Jumapili ya tarehe 4 Januari 1959, wafuasi wa ABAKO, chama cha Kasa-Vubu, walikuja kwenye mkutano wao wakakuta serikali imekataza. Siku hiyo hiyo watu walikuwa wanatoka uwanjani, na washabiki wa V.Club wako na hasira kwa sababu timu yao imepigwa. Makundi mawili yakakutana barabarani. Wakoloni wenyewe walihesabu wafu karibu 50, na watu wengi hawakuikubali hesabu ile. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Sisemi kwamba mupira ndio ulileta uhuru, hapana. Nasema tu kwamba mahali ambapo maelfu wamezoea kukutana, serikali yoyote inapaangalia kwa jicho moja wazi.

Ndiyo maana majina yanabadilika. Mobutu aliuita uwanja ule 20 Mai, siku ya chama chake, MPR. Mwaka 1973 V.Club ilishinda kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Mwaka 1974, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba, Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba na James Brown waliimba pale. Ngumi zilikuwa zifuate mara moja, lakini Foreman aliumia juu ya jicho katika mazoezi, kwa hiyo watu walingoja mpaka tarehe 30 Oktoba. Ali alimwangusha raundi ya 8, usiku wa manane umekwisha pita, kwa sababu saa ilipangwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani. Wazee wetu waliokuwa na redio bado wanaisimulia ile usiku kana kwamba walikaa kiti cha mbele!

Mobutu alipoanguka mwaka 1997, uwanja ukarudishiwa jina la padri. Na ule mwingine mukubwa zaidi, Kamanyola, uliofunguliwa mwaka 1994, ukaitwa wa Mashahidi, yaani Stade des Martyrs, kwa kumbukumbu ya wanasiasa wanne, Kimba, Bamba, Anany na Mahamba, walionyongwa mbele ya umati mwaka 1966.

Karibu na sisi, Goma, mambo ni yale yale. Novemba 2012 M23 walikusanya watu katika Stade des Volcans. Tarehe 6 Februari 2025 wakafanya vile tena katika Stade de l'Unité. Katikati ya hayo, Februari 2014, watu wa Goma walifanya Festival Amani yao ya kwanza katika uwanja wa shule. Muziki na ngoma, baada ya vita. Hawakungoja jengo.

Sasa Niania. Sisi hatuna stade. Tuko na njia panda: moja inaenda Kisangani, moja Isiro, moja Mambasa. Na tuko na kiwanja cha udongo. Tulipokimbia vita vya 2002, wengi walielekea upande wa Beni, na nyasi zikaota mpaka kifuani. Niliporudi, vijana walikuwa wamekata sehemu ndogo kwa panga, magoli ni miti, mupira ni mifuko imefungwa kamba. Siku ile ya mechi ya kwanza, wakati wa mapumziko, mama mumoja alisikia kutoka kwa mugeni aliyesimama kando kwamba mutoto wake yuko hai, anauza ndizi Beni. Mama aliondoka kesho yake. Hakuna ofisi iliyompa habari ile.

Lakini upande wa chini wa kiwanja umeliwa. Parseli zilikatwa wakati hatuko, na waliojenga pale wengine ni warudi kama sisi, walionunua kwa nia njema. Kwa hiyo sitaki tuende na makelele. Wasivunjiwe nyumba. Tunachotaka ni mpaka wa sehemu iliyobaki upimwe na uandikwe, kabla nayo haijaisha.

Kwa wafadhili: haiko pesa ya majukwaa wala taa. Ni ya mupimaji, vigingi na karatasi. Mbegu na mabati vinabaki kwanza, kama wamama walivyosema, na mimi nawaunga mkono.

Kwa wazee: mulio na kumbukumbu ya mpaka wa zamani, ule uliopita kwenye muembe uliokatwa, tukutane kiwanjani Jumamosi baada ya soko. Hata mzee aliyecheka. Yeye ndiye alikuwa golikipa.