Picha ya mgongo haijui unaumwa wapi

Wadau, leo naiweka siasa pembeni, tuzungumze mgongo. Kwa umri wetu huu wa kushinda kwenye kompyuta na kuganda kwenye foleni za magari, kila unayekutana naye analalamika kiuno. Mwenye uwezo anakimbilia kupiga MRI, anatoka na karatasi inayosema "diski imechakaa", na tangu siku hiyo anatembea kama amebeba mayai. Karatasi ile ina historia yake, na nadhani ukiijua utaisoma bila kihoro.

Tuanzie Boston, Marekani, mwaka 1934. Madaktari wawili, William Mixter na Joseph Barr, waliandika kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba diski, ule mto ulioko kati ya pingili mbili za uti wa mgongo, inaweza kupasuka, ikachomoza na kubana mishipa ya fahamu, mtu akaumwa mpaka mguuni. Walikuwa sahihi. Lakini tangu hapo diski ikawa mshitakiwa wa karibu kila maumivu ya kiuno, na ushahidi ulikuwa mgumu kupatikana, kwani eksirei huonyesha mifupa, diski yenyewe haionekani.

Ndipo ikaja MRI. Paul Lauterbur wa Marekani alichapisha picha za kwanza mwaka 1973, na Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza mbinu hiyo. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003. Julai 3, 1977, Raymond Damadian na wenzake walipiga picha ya kifua cha mtu kwa karibu saa tano! Mashine hii hutumia sumaku kali na mawimbi ya redio kunasa ishara za haidrojeni, ambayo ipo kwa wingi kwenye maji ya mwili. Diski changa imejaa maji, hivyo katika aina fulani ya picha inang'aa. Ikikauka, inaonekana nyeusi. Mshitakiwa akawa amepigwa picha.

Sasa hebu jiulize: nani walikuwa wakipigwa picha hizo? Wagonjwa! Ukiwapima wanaoumwa peke yao, kila doa utakaloliona utalilaumu.

Mwaka 1990 Scott Boden na wenzake wakafanya jambo rahisi lakini la maana: wakawapiga MRI watu 67 ambao hawajawahi kuumwa mgongo. Karibu theluthi moja walikutwa na kasoro kubwa. Mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake wakapima watu 98 wasio na maumivu. Waliokutwa na diski zote safi walikuwa asilimia 36 tu. Mwaka 2015 Waleed Brinjikji na wenzake wakakusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 wasioumwa. Walikadiria kwamba diski zilizochakaa zipo kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Yaani ni kama mvi, ila hizi zimo ndani.

Na tusikimbilie kulaumu kazi nzito peke yake. Mwaka 1995 Michele Battié, Tapio Videman na wenzao walilinganisha jozi 115 za mapacha wa kiume wa kufanana nchini Finland. Tofauti za kazi zao zilieleza sehemu ndogo sana ya uchakavu. Walichorithi na kulelewa nacho pamoja kilieleza zaidi.

Sisemi diski haina kosa kamwe. Miguu ikilegea, mkojo ukikushinda kuuzuia, au ukiwa na historia ya saratani au dalili za kifua kikuu cha mgongo, MRI inaweza kukuokoa, wahi hospitali. Ninachopinga ni mtu kuuza kiwanja ili afanyiwe upasuaji kwa sababu ya neno "kuchakaa" tu, wakati maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache, huku mtu akiendelea kutembea na kujishughulisha.

Kwa hiyo ukipewa karatasi yako, muulize daktari swali moja: hiki kilichoonekana kinalingana na ninapoumwa, au kingekutwa hata kwa jirani yangu mzima?

Nawasilisha.