Umechoka baharini? Hivi ndivyo unavyopumzika kwenye kayaki bila kupinduka

Mikono imechoka, jua linachoma, ufukwe bado uko mbali. Unaliweka kafi mapajani, unatoa simu upige picha. Wimbi dogo linapita ubavuni na ghafla uko majini.

Ukiwa unapiga kafi, kila pigo linakushikilia kwenye maji. Ukiacha, umebaki na kiuno chako tu.

Kwa nini inayumba?

Kayaki ya bahari ina urefu wa kama mita 5, lakini upana wake ni sentimita 55 hadi 60 hivi. Asili yake ni vyombo vya watu wa Aktiki, wakiwemo Inuit wa Greenland, waliovitumia kuwinda sili. Usiifananishe na zile pana za kukalia juu.

Fanya hivi

1. Legeza kiuno. Iache kayaki iyumbe chini yako, kifua na kichwa vibaki wima. Ukijikaza, unainama nayo. Tazama mbali, siyo miguuni.

2. Usiachie kafi. Laza bapa moja juu ya maji ubavuni kwako. Ukianza kuinama upande huo, libonyeze bapa chini, urudishe kiuno kwanza, kichwa mwisho. Kunywa maji kwa mkono mmoja tu.

3. Elekeza omo kwenye mawimbi. Wimbi la mbele linakuinua, la ubavuni linakupindua.

4. Mkiwa wawili, shikaneni. Wekeni kayaki ubavu kwa ubavu, lazeni makafi juu ya zote mbili, kila mmoja ashike chombo cha mwenzake. Hapo hata kula mnaweza.

5. Ukiwa peke yako, tumia boya la kafi. Ni mfuko unaojazwa hewa na kuvikwa kwenye bapa moja. Laza kafi kwa kukingama nyuma ya mgongo wako, boya likae juu ya maji. Ni kama matengo ya ngalawa, yale mabao ya pembeni, ila hapa unalo upande mmoja tu. Kwa hiyo egemea upande wenye boya. Ukiegemea wa pili, umejimaliza.

Angalia unakopelekwa

Kutulia siyo kusimama. Upepo na mkondo vinaendelea kukusukuma. Chagua alama mbili nchi kavu zilizonyooka, moja nyuma ya nyingine, mfano mnazi na mnara. Zikianza kuachana, ujue unasogea. Upepo ukitoka nchi kavu kwenda baharini, pumzika kidogo tu kisha rudi.

Jaketi la kujiokoa livae, usilifunge nyuma ya kiti. Na kabla ya kwenda mbali, jaribu haya yote kwenye maji ya kiunoni, ukiwa na mtu. Ukipinduka pale, unasimama tu na kucheka.