Amana ya marehemu haiuzwi

Mjane analeta feza yake kwa padri: «Baba, unitunzie hii hata mtoto wangu akomae.» Mwaka unaofuata padri anahamishwa misioni ingine. Je, anaweza kumwachia mwenzake mfuko ule pamoja na viti na baiskeli, bila kumwuliza mjane? Kila mutu atajibu: Hapana. Viti ni vya misioni; mfuko si wa padri wala wa misioni. Ulizo la namna hiyo liliwasumbua majuji wa Marekani toka 1927 hata 1929, na inafaa tulifahamu.

Katika inchi ile kuna kompani za amana. Kazi yao ni kutunza mali ya wengine: urithi wa yatima, feza ya wajane, vitu vilivyoachwa kwa testamenti. Mwaka 1822 jimbo la New York liliipa Farmers' Fire Insurance and Loan Company ruhusa ya kazi hiyo. Watu walizipenda kompani hizi kwa sababu nyepesi: mutu aliyechaguliwa kutunza yatima anaweza kufa mbele yao, lakini kompani haizeeki. Banki zenye hati ya serikali kuu zilifunguliwa mlango huo nyuma, kwa sheria ya 1913. Kisha sheria ya McFadden, ya Februari 1927, iliruhusu banki ya jimbo iungane na banki ya serikali kuu chini ya hati ya hii ya pili.

Mwaka ule ule, katika jimbo la Massachusetts, Fitchburg Bank and Trust Company iliungana na Merchants National Bank ya Worcester. Jina jipya likawa Worcester County National Bank. Lakini ile ya Fitchburg ilikuwa imewekwa na tribinali kuwa msimamizi wa urithi wa marehemu fulani. Banki mpya ikafika mbele ya juji wa urithi kama msimamizi: mali yote ya Fitchburg imekuwa yetu, basi na usimamizi ni wetu.

Tribinali kubwa ya Massachusetts ikakataa. Mwaka 1929 Tribinali Kuu ya Marekani ikakubaliana nayo; aliyeandika hukumu ni William Howard Taft, ambaye zamani alikuwa Prezidenti. Kompani iliyochaguliwa haikuwako tena. Juji alikuwa amechagua ile, si ingine. Banki mpya ikitaka kazi hiyo, iende kuiomba kwa juji. Sisi tuliosoma Kilatini tunakumbuka: Nemo dat quod non habet. Fitchburg iliweza kutoa nyumba zake, feza zake na madeni yake. Mali ya marehemu haikuwa yake.

Siku hizi sheria ya serikali kuu inaeleza wazi namna ya kuungana na banki ya namna hii. Kwanza, wakubwa wa kila upande wapatane. Pili, tangazo litolewe katika gazeti majuma ine mfululizo, na wenye aksioni wakubali, sehemu mbili juu ya tatu. Tatu, mwenye kukataa anaweza kudai alipwe samani ya aksioni zake. Ine, Comptroller of the Currency, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1863, itoe ruhusa. Na usimamizi je? Sheria hiyo inasema sasa kwamba unapita kwa banki mpya bila kuwekwa tena. Lakini tribinali inabaki na uwezo wa kuiondoa na kuweka msimamizi mwingine, isipokuwa isiiondoe kwa sababu tu ni banki ya serikali kuu.

Mwingine atasema: Basi, majuji wa 1929 wameshindwa. Mimi sioni hivyo. Usimamizi hauwezi kupita kwa bei waliyopatana muuzaji na mnunuzi. Unapita kwa sababu sheria imeupitisha, na juji amebaki mlangoni akiangalia. Yatima hakuitwa kwenye mkutano wa wenye aksioni. Kwa hiyo lazima awepo mwingine wa kusema kwa ajili yake.

Na padri wetu? Kabla ya kufunga sanduku lake, amwite mjane, wahesabu feza pamoja mbele ya mwenzake, waandike katika kitabu. Tena amwulize: «Mama, unakubali huyu akutunzie?» Akikataa, amrudishie mfuko wake.