Omar Effendi: Duka Kuu la Cairo Lililojengwa na Wahamiaji na Kurejeshwa kwa Umma

Katika Mtaa wa Abdel Aziz, jirani na Uwanja wa Ataba katikati ya Jiji la Cairo nchini Misri, limesimama jengo la ghorofa 6 lililobuniwa na msanifu majengo Mfaransa Raoul Brandon na kujengwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Jengo hilo ndilo duka mama la Omar Effendi, miongoni mwa maduka makuu ya zamani zaidi nchini humo. Kwa zaidi ya miaka 100 duka hilo limepita katika mikono ya wafanyabiashara wahamiaji, Serikali, mwekezaji binafsi na hatimaye Serikali kwa mara ya pili. Kwa sababu hiyo, historia yake hutajwa mara kwa mara katika mijadala kuhusu usimamizi wa mali ya umma.

Chimbuko la kampuni

Mwanzilishi wa biashara hiyo ni Adolf Orosdi, afisa wa jeshi la wanamapinduzi wa Hungaria waliopigana na utawala wa ukoo wa Habsburg mwaka 1848 na 1849. Baada ya mapinduzi hayo kuzimwa kwa msaada wa majeshi ya Urusi, wapiganaji wengi walikimbilia katika Dola ya Uthmania na kupewa hifadhi. Orosdi alikuwa mmoja wao. Mwaka 1855 alifungua duka la nguo katika eneo la Galata, mjini Istanbul.

Baadaye wanawe waliungana na familia ya wafanyabiashara ya Back, na kampuni ikajulikana kwa jina la Orosdi-Back. Makao yake makuu yaliwekwa Paris, huku matawi yakifunguliwa katika miji ya biashara ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ikiwemo Izmir, Beirut, Aleppo, Baghdad, Tunis, Alexandria na Cairo.

Maduka ya aina hiyo yalileta utaratibu mpya wa biashara. Katika masoko ya kale, kila mtaa ulikuwa na bidhaa yake, na bei ilipatikana baada ya mapatano baina ya muuzaji na mnunuzi. Katika duka kuu, nguo, viatu, vyombo na samani viliwekwa chini ya paa moja, bei ikatangazwa wazi, na mteja akawa huru kutazama bidhaa bila kulazimika kununua.

Cairo ya wafanyabiashara wageni

Orosdi-Back haikuwa peke yake. Kufunguliwa kwa Mfereji wa Suez mwaka 1869 na mapato ya kilimo cha pamba viliifanya Misri kuwa kivutio cha wafanyabiashara kutoka pande nyingi. Familia ya Cicurel, yenye asili ya Izmir, ilijenga duka lake karibu na Uwanja wa Opera. Ndugu Selim na Samaan Sednaoui, waliotoka Syria, walijenga jengo lao maarufu katika Uwanja wa Khazindar, lililofunguliwa mwaka 1913.

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Chini ya mikataba ya kale ya Dola ya Uthmania, raia wa mataifa ya Ulaya walioishi Misri walinufaika na misamaha ya kodi na mahakama maalumu, haki ambazo Mmisri wa kawaida hakuwa nazo. Mikataba hiyo ilifutwa kwa makubaliano ya Montreux ya mwaka 1937, na mahakama hizo zikafungwa mwaka 1949. Kwa wananchi wengi, madirisha ya maduka makuu yaliashiria utajiri uliokuwa ndani ya nchi yao lakini haukuwa wao.

Jina la Omar Effendi, lililochukua nafasi ya Orosdi-Back nchini Misri, lina asili katika cheo cha heshima walichopewa wasomi na maafisa wa Kituruki na Kimisri. Neno hilohilo ndilo lililoingia katika Kiswahili kwa umbo la "afande", likitumika hadi leo kwa askari na maafisa wao.

Kutoka moto wa Cairo hadi utaifishaji

Tarehe 25 Januari, 1952 majeshi ya Uingereza yaliwashambulia polisi wa Misri mjini Ismailia na kuwaua makumi ya askari. Siku iliyofuata, hasira ya wananchi iligeuka kuwa moto uliounguza mamia ya majengo katikati ya Cairo, likiwemo duka la Cicurel. Miezi 6 baadaye, tarehe 23 Julai, maafisa wa jeshi walichukua madaraka.

Baada ya vita vya Suez vya mwaka 1956, Serikali ya Rais Gamal Abdel Nasser ilianza kuziweka kampuni za kigeni chini ya umiliki wa Wamisri. Omar Effendi ilitaifishwa mwaka 1957, na amri za mwaka 1961 zikapanua utaifishaji huo hadi kwenye maduka mengine makuu, likiwemo la Sednaoui.

Chini ya umiliki wa umma, duka lililokuwa la matajiri liligeuka kuwa duka la watu wa kipato cha kati na cha chini. Rafu zake zilijazwa bidhaa za viwanda vya ndani kwa bei nafuu, na matawi yakaenea mikoani.

Ubinafsishaji na hukumu ya mwaka 2011

Sera ya kufungua milango ya uchumi iliyoanza miaka ya 1970, na baadaye Sheria Na. 203 ya mwaka 1991 kuhusu mashirika ya umma, ziliandaa njia ya ubinafsishaji. Mwaka 2006 Serikali iliiuzia kampuni ya Anwal ya Saudi Arabia asilimia 90 ya hisa za Omar Effendi, iliyokuwa na matawi 82, kwa takriban pauni milioni 590 za Misri. Mauzo hayo yalizua mjadala mkali, kwani wakosoaji walidai kuwa bei hiyo haikulingana hata na thamani ya ardhi na majengo ya kampuni.

Katika miaka iliyofuata, idadi ya wafanyakazi ilipunguzwa kupitia mpango wa kustaafu mapema, na migogoro ya mishahara ikaibuka. Mhandisi Hamdi El-Fakharany alifungua shauri kupinga mauzo hayo, na tarehe 7 Mei, 2011 Mahakama ya Utawala ya Misri ilibatilisha mkataba na kuamuru kampuni irejeshwe kwa Serikali.

Hukumu hiyo ilikuwa miongoni mwa hukumu kadhaa za kipindi hicho zilizobatilisha mauzo ya mashirika ya umma. Mwaka 2014 ilitungwa Sheria Na. 32, inayozuia watu wasio sehemu ya mkataba kupinga mahakamani mikataba ya Serikali. Waliounga mkono sheria hiyo walieleza kuwa inawalinda wawekezaji, ilhali waliopinga walisema kuwa inamwondolea mwananchi njia iliyotumika kuirejesha Omar Effendi.

Kampuni ilirudi kwa umma ikiwa na mzigo wa madeni, matawi yaliyodhoofika na ushindani wa maduka ya kisasa. Hali hiyo inaonesha kuwa hukumu ya mahakama inaweza kurejesha umiliki kwa siku moja, lakini kurejesha biashara, ajira na imani ya wateja ni kazi ya miaka mingi.